Bakuli la Asai na Embe

Alhamisi, 1 Novemba

Leo wifi yangu ametufundisha asai. Sisi — watu wa Belém, tuliolelewa kwa uji wa tunda hili jeusi! Mwanamke wa Curitiba, aliyekulia kwenye baridi na makoti, ambaye mpaka mwaka juzi alidhani asai huota ndani ya friza. Kaka yangu Edivan alimwoa hukohuko kusini, na Septemba akamleta hapa nyumbani kwa Mama, "wiki mbili tu, Deia, mpaka nyumba yetu iishe." Wiki mbili! Nyumba yenyewe bado haina paa.

Basi Graziele, wifi mwenyewe, kaingia jikoni na simu mkononi, video inacheza, mama mmoja mwenye meno meupe anaelekeza. Asai ya kugandisha. Ndizi. Stroberi. Asali. Shayiri ya kukaanga — chakula cha farasi, ukiniuliza mimi. Na juu kabisa, maua. Maua! Halafu marufuku mtu kugusa mpaka bakuli lipigwe picha. Likapigwa kwa juu, likapigwa ubavuni, nilidhani bakuli linaomba pasipoti.

Mama alilitazama sana. Akauliza leo ni siku ya kuzaliwa ya nani. Halafu akalisukuma kwa kidole kimoja.

Nilicheka. Nikaacha. Kwa sababu saa sita Mama alikuwa amelisukuma na bakuli langu, lile la kweli — asai nzito, unga wa muhogo wa chenga, samaki wa kukaanga pembeni. Leo ni wiki ya tatu hali kitu cha maana. Supu vijiko vitatu, chai, basi. Mwanamke aliyekula asai kila adhuhuri ya Mungu, na ana miaka themanini na minne!

Jumamosi, 3 Novemba

Wifi hakomi. Kaenda soko la bandarini asubuhi mapema, karudi na kikapu cha asai mbichi, tunda zima-zima, kama lilivyoshushwa kwenye mashua. Kasoma mahali kwamba ya kutengeneza nyumbani ndiyo inayorudisha nguvu. Kwa hiyo atamrudishia Mama nguvu. Yeye!

Mimi nilikuwa mezani na gazeti. Nilijua kitakachotokea. Mtoto wa miaka mitano wa mtaa huu anajua: asai ni kokwa tupu, na hiyo nyama yake ni kiganda chembamba juu ya kokwa. Unailoweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ilainike, ndipo unaisugua ngozi itoke. Nilijua, na nikafunua ukurasa wa vifo.

Akamimina asai kwenye blenda. Na kokwa zake. Maji baridi. Kifuniko. Akabonyeza.

Mlio ule! Kisu kilivunjika, kifuniko kikaruka, dari ikawa zambarau, na picha takatifu ya Bibi Yetu wa Nazaré ukutani ikapata tone shavuni. Graziele kasimama katikati, nywele zinachuruzika, anauliza, "Wifi, nimekosea wapi?"

Nilikuwa nimeshaandaa jibu. Lakini Mama alicheka. Kule kwenye bembea yake ya kulalia, sebuleni — kicheko chenyewe, cha kukohoa, mpaka bembea ikatikisika. Cha kwanza tangu maandamano ya Bibi Yetu mwezi uliopita.

Simshukuru wifi kwa hilo. Blenda ilikuwa yangu.

Jumatatu, 5 Novemba

Zahanati. Daktari ni kijana, ndevu zake bado zinatafuta pa kuota. Kampandisha Mama kwenye mizani. Kilo thelathini na nane. Akapima tena kama vile mizani ndiyo inayosema uongo.

Hakuona ugonjwa. Damu safi, mapafu safi, tumbo safi. Ila hali chakula. Turudi tarehe 19, kasema, na akiwa amepungua hata nusu kilo analazwa, atalishwa kwa mpira wa puani. Wakati huo tumpe chochote atakachokubali kumeza. Chochote kabisa, mwalimu — ananiita mwalimu, nilimfundisha darasa la nne. Alikuwa mvivu wa hesabu.

Njiani Mama alinishika mkono. "Mpira puani, Deia? Mimi si mbuzi wa maonyesho. Siendi huko."

Nikamwambia basi kula. Akatazama dirishani.

Tulipofika kona nikaona bendera nyekundu ya Claudionor muuza asai iko nje, maana yake asai ya leo tayari. Nikanunua lita ya ile nzito kabisa, ambayo kijiko kinasimama. Claudionor aliniapia kwamba tunda limeshuka alfajiri. Mama akaonja ncha ya kijiko. "Ya jana," kasema. Si ya jana! Nimemwona Claudionor akiisaga! Lakini utabishana na nani.

Jumatano, 7 Novemba

Naandika na kiganja cha zambarau. Nimekanda asai kwa mkono.

Si "mapishi" haya. Mapishi ni ya wifi. Haya ni yale ya kisiwani alikokulia Mama, kwa bibi, kabla ya mashine: bakuli la udongo, asai iliyolowekwa, unakanda na kusugua, unaongeza maji kidogo, unachuja kwenye ungo, unakanda tena. Saa moja na nusu! Mabega yanaomba talaka. Graziele alisimama mlangoni anatazama, akauliza kama arekodi. Nikamtazama. Akaiweka simu mfukoni.

Mama alikula vijiko viwili. Viwili! Halafu akaacha kijiko, macho yakajaa maji, akasema hii ndiyo yenyewe, hii hasa ndiyo yenyewe. Na hakula tena.

Sasa hiyo ni akili gani? Ya Claudionor haili kwa sababu siyo, yangu haili kwa sababu ndiyo.

Jumamosi, 10 Novemba

Wiki ya aibu. Mimi, Lucidéia, niliyewacheka wengine, nimegeuka mpishi wa majaribio. Nimepika uji wa mchele na asai. Hakuna. Nimetia kamba wakavu. Hakuna. Nimetia chenga za tapioka, zile nyeupe zinazopasuka mdomoni, alizozipenda. Akazichokoa moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sahani.

Leo nilifika mwisho wa ushenzi: nilitia sukari. Katika nyumba hii! Mama aliwahi kumfukuza mgeni mezani kwa kuomba sukari. Na nani aingie saa ileile kama siyo jirani yetu Zuleide, bila hodi, na macho yake yanayofika mahali kabla ya miguu.

"Shoga, hicho nini? Sukari?"

Nikasema ni ya chai.

"Chai kwenye bakuli la asai?"

Zuleide hupika samaki mpaka anakuwa mkaa, na dini yake ni kuchungulia, lakini sasa mtaa mzima utajua. Hata hivyo Mama hakula. Nimeaibika bure.

Wifi kanikuta baadaye nalia juu ya karai la vyombo. Akachukua kitambaa akaanza kufuta sahani. Anafuta vibaya, anaacha maji chini.

Jumatatu, 12 Novemba

Mama ameomba chakula!

Saa tano, kutoka kwenye bembea, sauti safi kabisa: "Deia, nataka asai na embe."

Nikasema ndiyo Mama, asai sasa, embe kesho.

"Pamoja. Bakuli moja."

Nilikaa chini.

Asai na embe! Kila mtu hapa anajua. Asai haichanganywi na embe, haifuatiwi na embe, haitanguliwi na embe. Vinagandana tumboni, unalala, huamki. Na sisi ndio wa mwisho wa kulifanyia mzaha, maana tuna maiti yetu wenyewe: Mjomba Firmino, kaka yake Mama, kijana wa miaka kumi na sita, mzima kama chuma. Alikula asai na embe adhuhuri, akajilaza kwenye bembea, saa tisa akawa amekufa. Tumekua na hadithi hiyo. Nikiwa na miaka saba nililamba embe mchana baada ya asai, na Mama alinichapa kandambili mpaka kamba ya kandambili ikakatika. Halafu akanitapisha. Halafu akalia.

Zuleide aliposikia alifanya ishara ya msalaba, kwanza kwake, kisha kwa embe lililokuwa juu ya friji. Kasema Mama anataka kujiua, ni dhambi, aitwe padri.

Nikampigia Edivan kazini. Mhandisi! Anajenga madaraja! "Usithubutu, Deia. Mimi naamini sayansi, lakini sichezi na embe."

Na wifi? Alicheka. Aliangua kicheko. Kwao kusini, kasema, anakula asai na embe tangu msichana, na ndizi, na chungwa, vyote mara moja, mara mia. Nikamjibu kwamba ndiyo maana yuko hivyo alivyo.

Lakini sikulala mchana. Nilifundisha sayansi miaka thelathini. Niliandika ubaoni, "Tunaamini tulichokipima." Sijawahi kupima hili. Na sitapima kwa mama yangu.

Jumanne, 13 Novemba

Hataki chochote. Maji tu. Nimemkandia tena kwa mkono — hataki. Anasema nimeshakwambia ninachotaka. Amegeukia ukutani.

Siku sita mpaka mizani.

Alhamisi, 15 Novemba

Sikukuu. Edivan yuko nyumbani, amelala kama gogo. Mvua ya mchana ilianza mapema. Nilikuwa nachana nywele za Mama — zimekuwa nyepesi, kitana hakipati pa kushika — nikamwambia wazi: Mama, kama unataka kufa sema, lakini usinitume mimi.

Mvua ikapiga bati. Kisha akaanza kusema, na naandika kama alivyosema, nisije nikajidanganya kesho kwamba nimeota.

"Embe halikumuua Firmino. Mimi ndiye."

Nikaacha kitana.

"Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa imenyesha asubuhi yote, miti imelowa. Nikataka asai. Akasema tusubiri shina likauke. Nikamwita mwoga. Nikamwimbia, mwoga, mwoga, mpaka akafunga kitanzi cha miguu akapanda. Alifika juu. Alikata kichala. Akaanguka, Deia. Akaangukia tumbo."

"Lakini Mama, alikula..."

"Akasimama! Akacheka! Akasema usimwambie Baba, atanichapa. Tukarudi, nikakanda ile asai mimi mwenyewe, akala kidogo, akachukua embe akalikatia humo ili kunichekesha, maana nilikuwa natetemeka. Tayari lilikuwa mwiko. Akasema tazama, mimi si mwoga. Akala nusu. Akaenda kulala. Baba aliporudi akamkuta. Akaona bakuli. Akapiga kelele, embe! Mama akapiga kelele, embe! Kisiwa kizima, embe! Na mimi nikanyamaza. Miaka sabini na mitano nimenyamaza. Nimewachapa ninyi kandambili ili ionekane kweli."

Nikashika tena kitana, nikaanza kuchana upya. Mimi! Mwenye neno kwa kila mtu.

Akasema mwezi uliopita, siku ya maandamano, alipanga foleni ya kitubio. Alitaka kumwambia padri. Zamu yake ilipofika akatubu kumsengenya Zuleide, akaondoka. Tangu hapo kila kijiko kinakwama. Hasa ile ya kukanda kwa mkono. Ile ndiyo yenyewe.

"Baba alilitupa bakuli mtoni na nusu yake ndani," kasema. "Sitaki kufa, mjinga wewe. Nataka kumalizia alichobakisha."

Kaniita mjinga. Ni mara ya kwanza kwa wiki nne ana nguvu ya kunitukana.

Ijumaa, 16 Novemba

Nimemwambia Edivan yote. Akapangusa miwani. Halafu kasema, "Sawa, alianguka. Lakini embe pia alikula. Huwezi kujua ni kipi hasa." Huyu ndiye anayejenga madaraja! Kesho anakwenda kusimamia paa lake, asishuhudie.

Nilimdharau kwa muda wa kutosha chai kupoa. Kisha nikatambua kwamba nami nilikuwa nimewaza hivyohivyo.

Jumamosi, 17 Novemba

Nimeamka na uamuzi. Uamuzi ukanitoka nilipopiga mswaki. Ukarudi.

Embe nimeliokota mlangoni, limeanguka lenyewe usiku kutoka mti wa barabarani na kuacha doa la utomvu kwenye boneti ya gari la mume wa Zuleide. Zuri, bila jeraha. Nililiosha mara tatu, kana kwamba kilichomo kinaoshwa.

Asai nilitaka kukanda mwenyewe, lakini bega limegoma tangu juzi. Graziele akakunja mikono ya blauzi. Nikamwambia hajui. Akasema nifundishe basi, wifi, badala ya kunisubiri nikosee.

Hilo liliniingia. Nikamfundisha. Maji yasiwe ya moto, yawe ya kuoga mtoto. Usibonyeze, sugua. Usiogope rangi. Ana mikono mikubwa, ya watu wa kulima mizabibu, na — naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma — asai yake imetoka nzito kuliko yangu. Mara mbili ameuliza kama ahesabu dakika. Hakutoa simu.

Embe nililikata mimi. Kisu kilikataa, au mkono. Vipande vya njano juu ya ile nyeusi. Nilitazama nikaona ni kitu cha kishenzi, ni kama bakuli la wifi la maua, siku ya kwanza.

Saa sita na nusu. Mama tulimkalisha mezani. Kavaa blauzi yake ya kanisani, sijui alimwambia nani amvalishe — yaani najua, ni wifi. Akachukua kijiko mwenyewe. Nikamshika mkono. Ulimshika wenyewe, mkono wangu, bila kuniuliza.

"Deia. Achia."

Nikaachia.

Cha kwanza. Alifumba macho. Cha pili. Graziele alikuwa anauma kucha. Cha tatu, cha nne, na kipande kikubwa cha embe, kidevu kikang'aa. Hakulia. Nilidhani atalia, nilikuwa na leso. Alikula tu, kama mtu aliyetoka shambani, anapumua kwa pua, anakwangua. Katikati akainua uso, akasema, "Kumbe lilikuwa tamu hivi. Na alinicheka, mshenzi." Akaendelea.

Zuleide akabisha hodi — leo ndiyo anajua kubisha! — na sahani yake ya samaki wa mkaa. Graziele alimkuta mlangoni, nikamsikia anamwambia kwa adabu zote kwamba mama mkwe amelala, na kwamba boneti ya gari la mumewe inahitaji maji haraka. Zuleide akaondoka mbio. Sikujua wifi ana kipaji hicho.

Mama aliacha kijiko bakuli likiwa na robo. Tumbo limesinyaa, kasema, halina nafasi, lakini kesho turudie na embe liongezwe. Kesho! Akaomba kupelekwa kwenye bembea.

Ndipo nilipomkumbuka Firmino. Asai, embe, bembea. Hivyohivyo, kwa mpangilio uleule. Alivuta shuka mpaka kidevuni, akasema tumwache, asai haitaki kelele, na akageuka upande.

Saa nane kasoro dakika kumi sasa. Mvua imeanza. Naandika nimekaa kwenye kigoda kando yake, bakuli mapajani. Najua kila kitu. Najua shina lililowa, najua aliangukia tumbo, najua wifi yangu amekula mchanganyiko huu mara mia na hasara pekee ni tabia yake. Nimefundisha sayansi miaka thelathini! Na bado natazama shuka kama linapanda. Linapanda. Linashuka. Limekawia — limepanda.

Saa tisa ndiyo saa ya Firmino, ndivyo tulivyoambiwa siku zote.

Nimetazama ile robo iliyobaki. Sitaitupa. Imeshatupwa mara moja, inatosha. Nimechukua kijiko chake, kilekile, nimekula. Mungu wangu! Ni tamu! Ni tamu sana, upuuzi mtupu, miaka sitini na moja nimenyimwa kitu hiki na kuchapwa juu yake!

Vimebaki vijiko vitatu, vinne. Nimemwita Graziele aje akae hapa nasi mpaka saa tisa ipite. Nimemwambia alete kijiko chake, na shuka bado linapanda.